Chenga, Shemeji na Nyota ya Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kuna jambo. Sijui ni jambo gani, lakini lipo, na shemeji yangu ndiye aliyelibeba.

Jana kulikuwa na mkutano wa chama chetu cha wapiga picha za nyota. Chama kidogo, hata ukimhesabu na yule mzee anayekuja kwa ajili ya chai. Mwenyekiti wetu ni mama mmoja aliyestaafu upimaji ardhi, wote tunamwita Bi Kipimo. Alisimama akatangaza kwamba darubini mpya ya chama imefika. Kubwa, nyeupe, haibebwi na mtu mmoja. Mwezi wa nne kutakuwa na kupatwa kwa mwezi. Darubini itapiga picha ya tukio zima, picha itachapwa kubwa na kutundikwa kwenye lango la maktaba, na chini yake jina la mpigaji. Swali likawa: kamera ya nani ifungwe nyuma ya darubini?

Nilikuwa nimeshaanza kunyanyuka nipokee makofi. Nani mwingine? Mimi ndiye pekee mwenye studio. Picha za pasipoti, za harusi, za mahafali. Tena mimi ndiye pekee niliyegundua nyota.

Hapo shemeji akanyoosha mkono. Ni kaka wa mke wangu, daktari wa meno. Kamera alinunua juzijuzi, kama mtu anayenunua mwavuli. Kwa ile sauti yake ya kutuliza wagonjwa, akasema ingekuwa haki tukizipima kamera zote kwanza. Picha za nyota hupigwa gizani, kamera inaachwa wazi dakika nyingi, na kadiri inavyokaa ndivyo kihisi chake, yaani kile kijibao cha ndani kinachopokea mwanga, kinavyoijaza picha chenga. Vidoti vya rangirangi, kama mtu kanyunyiza mchanga. Basi, akasema, kila mmoja azibe lenzi yake kwa kifuniko, apige picha ya giza tupu, kisha tulinganishe. Mahali pasipo na mwanga wowote, kinachoonekana ni uchafu wa kamera yenyewe. Yenye chenga chache ndiyo ipewe kazi.

Bi Kipimo akachangamka kama mtoto aliyeona puto. Huyu mama anapenda kupima. Akapanga iwe Jumamosi mchana, ukumbi mdogo wa maktaba.

Picha ya giza! Mtu mzima, msomi, anataka tupige picha ya kifuniko! Kwa nini? Na kwa nini sasa? Na wakati anasema yote hayo, kwa nini alikuwa akinitazama mimi, tena kwa huruma?

Huruma haiji bure. Macho nimeyafungua.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Niandike hapa habari za nyota yangu, ili siku nikidhulumiwa pawe na ushahidi.

Niliiona mwezi wa kwanza, kwenye picha niliyopiga juu ya paa la studio. Ipo juu, upande wa kulia. Ina weupe wa kibluu. Haimo katika ramani yoyote ya anga, nimetafuta. Na ni nyota aminifu kupita kiasi. Nikielekeza kamera kaskazini, ipo. Nikielekeza kusini, ipo, palepale juu kulia. Nyota nyingine zote zinazunguka na kupotea, yangu inanifuata mimi. Bi Kipimo aliitazama, akasema mambo kama haya yanahitaji kuthibitishwa. Watu wenye wivu ndivyo wanavyosema.

Nimeipa jina la mama mkwe.

Uamuzi wa busara kuliko wote niliowahi kufanya. Tangu nimwoe binti yake, mama yule alikuwa akinitaja kwa watu kama "yule wa pasipoti". Nikifika kwake napewa kiti kile chenye mguu uliolegea, nakaa nikiwa nimejikaza. Sasa napewa kiti chenye mto. Ananiita mwanangu. Mtaa wake wote una habari kwamba yumo mbinguni angali hai. Msusi wake ana habari. Mwenye duka la dawa ana habari. Na mimi nimepaka upya kibao cha studio: Mpiga Picha na Mgunduzi.

Leo mchana nilipita karibu na zahanati ya shemeji. Kupita tu. Nikachungulia dirishani. Yule dada wa mapokezi akaniona, akanikaribisha ndani, akanipa fomu. Nikasema siumwi. Akasema wengi husema hivyo. Kabla sijatoroka, shemeji mwenyewe akatoka, bado amevaa glavu, akafurahi kuniona. Akauliza kama naweza kumsubiri kidogo, anataka tuzungumze wawili tu, kuhusu ile nyota.

Nyota! Mimi sikuitaja. Kaitaja yeye.

Nikamwambia nina mteja ananisubiri. Sikuwa na mteja. Nilipofika kona niligeuka nyuma. Alikuwa bado amesimama mlangoni, mikono ya glavu ameiinua kidogo, kama mtu aliyekosa pa kuiweka.

Anaitaka nyota yangu. Anataka aitwe yeye mgunduzi. Ni mama yake, atasema, kwa hiyo nyota ni ya familia yake.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimesoma sana. Matokeo ya kusoma: baridi hupunguza chenga. Kihisi kikipata joto, chenga zinaongezeka. Kikipoa, zinapungua. Wataalamu wakubwa hufunga kamera zao mitambo ya kupozea.

Sasa ndiyo nimeelewa kwa nini shemeji hakuonekana na wasiwasi hata chembe. Atakuja na kamera iliyopozwa. Bila shaka. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo. Kwa hiyo nikaamua nifanye hivyo.

Asubuhi nikaifunga kamera kwenye mfuko wa nailoni, nikaiweka ndani ya friza, chini ya nyama. Lengo: majaribio. Niione inavyovumilia. Nikaenda studio na roho nyeupe.

Akaja mteja wa pasipoti. Kamera iko chini ya nyama. Nikampiga kwa simu, nikijifanya ndiyo teknolojia mpya. Akauliza mbona simu ina picha ya keki nyuma. Nikamwambia ageuke kidogo kulia.

Jioni nikakuta mke wangu ameketi jikoni, kamera iko mezani mbele yake, inatiririka maji kama mtu aliyetolewa mtoni. Hakugomba. Aliuliza tu ichemshwe kwa muda gani. Ndani ya lenzi umande umetanda, huoni kitu. Nikaipangusa. Umande ukarudi. Nikaipangusa tena. Ukarudi. Mwisho nikaizika kwenye ndoo ya mchele, nimesikia mchele unanyonya unyevu.

Mke wangu akasema basi leo hakuna wali. Akaiondoa ndoo njiani, akasema kaka yake angependa kuongea na mimi, nimpe nafasi. Nikamwuliza kaka yake amempigia simu lini. Akasema leo. Nikamwuliza saa ngapi. Akawasha jiko.

Wamekuwa wawili.

Picha ya kifuniko sijapiga, wala sipigi mpaka Jumamosi. Kamera ya mgunduzi haifanyi mazoezi ya giza.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nilijua.

Shemeji alikuja nyumbani jioni, kashika matunda. Mtu hashiki matunda bure. Nikajikausha, nikasema naenda kuoga. Nikaingia bafuni, nikafungua maji, nikaweka sikio ukutani. Ukuta wa bafu letu unapakana na jiko. Maji yalikuwa yananizuia kusikia, nikayafunga. Wakanyamaza. Nikayafungua. Wakaendelea. Niliyoyapata ni haya, neno kwa neno: "mama ataumia", halafu "afadhali ajue mwenyewe", halafu "kabla ya Jumamosi".

Mama ataumia! Anapanga kumwumiza mama yake mzazi ili aniangushe mimi! Nilikaa ukingoni mwa beseni la kuogea.

Nilipotoka, shemeji alikuwa sebuleni ameketi kwenye ncha ya kochi. Akaniambia polepole, akichagua maneno, kwamba kamera zote zina doti mbovu, hata yake inazo, si aibu. Kwamba anamjua fundi mmoja mwaminifu anayeweza kuzizima zote kwa siku moja tu. Nimpe kamera kesho asubuhi, itarudi jioni, na hakuna atakayejua ilikwenda.

Nilimwelewa vizuri sana. Nitoe kamera yangu mikononi mwangu, siku moja kabla ya mashindano, nimkabidhi mpinzani wangu, na hakuna atakayejua!

Nikamwambia kamera yangu ni nzima kuliko meno ya wagonjwa wake wote. Akamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama dirisha.

Akasimama kuaga. Mlangoni akageuka, akasema kwa sauti ya chini:

"Sawa, shemeji. Lakini nakuomba kitu kimoja. Jumamosi usimlete mama."

Aha! Kumbe kuna jambo hataki mama yake alione! Mimi wazo la kumleta mama halikuwa hata limenijia. Kabla hajafika kwenye gari lake nilikuwa nimeshampigia simu mama mkwe, nikamwalika kama mgeni rasmi. Kafurahi mno. Kasema atavaa apendeze.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Kimya. Hakuna aliyenipigia, hakuna aliyekuja. Kimya cha namna hii hupangwa na watu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Naandika nikiwa studio. Mlango nimeufunga. Nje kuna mtu anabisha, anataka picha za pasipoti. Abishe.

Niandike kwa utaratibu.

Nilikwenda maktaba nimevaa koti kubwa, jua la mchana, watu wote wamevaa mikono mifupi. Ndani ya koti: kamera, na kila upande wake vifuko vya barafu. Hakuna aliyejua. Nilitembea nimejikumbatia kama mtu mwenye tumbo linalouma, na kwa kweli tumbo lilikuwa limeshaanza kuuma kwa baridi.

Mama mkwe alifika na gauni la rangi ya dhahabu, mkoba wa rangi hiyohiyo, viatu hivyohivyo. Mke wangu alimshika mkono mpaka kiti cha mbele. Msimamizi wa maktaba alipomuuliza yeye ni mwanachama au mgeni, akajibu kwamba yeye ni nyota. Watu wakacheka kwa heshima. Shemeji hakucheka. Alikuwa amekaa pembeni na kamera yake mapajani, uso umemshuka.

Mama mkwe akanigeukia, akauliza mbona nadondosha maji. Nikamwambia ni joto.

Bi Kipimo akatoa masharti. Kamera zote ziwekwe juu ya meza moja na zikae hapo kwanza, wakati sisi tunakunywa chai, mpaka zote zilingane joto na chumba, kwa sababu kamera ya baridi husema uongo. Wakati akisema hivyo alikuwa anatazama koti langu. Nikaitoa kamera. Nikaiweka mezani. Barafu yote ikayeyukia mifukoni mwangu bila faida kwa mtu yeyote. Chini ya kiti changu pakawa na dimbwi. Yule mzee wa chai akainua viatu vyake, akahama taratibu.

Kisha vifuniko vikafungwa. Kila kamera ikawekwa kipimo kilekile, na ule mtambo wa ndani unaosafisha chenga ukazimwa kwa wote. Zikaachwa zote kwa pamoja dakika kadhaa, zimetazama vifuniko vyao. Mimi nilitazama mikono ya shemeji. Haikufanya kitu. Mikono isiyofanya kitu ndiyo ya kuogopa.

Bi Kipimo akachukua kadi moja moja akaingiza kwenye kompyuta. Kompyuta inatoa namba: kadiri namba ilivyo ndogo ndivyo chenga zilivyo chache. Wa kwanza, shemeji. Wa pili, kijana mmoja anayefanya kazi benki. Wa tatu, mimi.

Wa tatu! Kwa kamera iliyolala friza na kuamkia ndoo ya mchele! Hata mama mkwe alipiga makofi. Na niseme ukweli, kwa muda mfupi moyo wangu ulitulia. Nilifikiri naweza kwenda nyumbani hivi hivi, mtu aliyeshika nafasi ya tatu, mwenye nyota yake.

Lakini hapo shemeji akasimama, haraka mno. Akasema namba zimeshatoka na zinatosha, picha zenyewe ni weusi mtupu, hazina cha kuonwa, na mama asije akachoka. Tufunge kikao.

Hapo ndipo nilipomkamata.

Nikasimama na koti langu linalochuruzika. Nikasema hapana. Nikasema picha zionyeshwe ukutani, zote, ziongezwe mwanga mpaka mwisho, mbele ya mgeni rasmi, ya shemeji ianze na yangu iwe ya mwisho. Nikasema mtu mkweli haogopi ukuta.

Shemeji akanijia karibu, akaniambia sikioni: "Shemeji, nakuomba sana. Tuache hapa."

Nikamwambia Bi Kipimo awashe projekta.

Ya shemeji: kijivu, chenga laini kama unga, na vidoti vichache vya rangi huku na huko, vidogo. Sikuona kosa lolote, na hilo lilinishtua. Zikafuata za wengine. Kijivu, kijivu, moja yenye mstari mwekundu. Halafu yangu.

Mchanga wa kawaida. Mbaya kidogo kuliko wa kijana wa benki. Na juu, upande wa kulia, peke yake, ya bluu inayoelekea weupe, inang'aa kwenye ukuta wa maktaba kuliko kitu chochote kilichoonyeshwa siku hiyo: nyota yangu.

Naapa jambo la kwanza nililohisi ni furaha. Nilikaribia kupiga makofi.

Kisha yule mzee wa chai akauliza, bila ubaya wowote, nyota iliingiaje chini ya kifuniko.

Bi Kipimo akavua miwani. Akaeleza kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. Alisema ndani ya kihisi kuna mamilioni ya vijicho. Mara nyingine kijicho kimoja huharibika, kinatoa mwanga hata kama hakioni kitu, na ukielekeza kamera popote kitaonekana palepale. Wapiga picha hukiita doti mbovu. Alisema alitaka jambo lithibitishwe kwa sababu hiyo, lakini hakuwa na hakika, na sisi sote tulikuwa tumefurahi sana.

Mama mkwe alikuwa hajaondoa macho ukutani.

"Kwa hiyo mimi ni doti mbovu," alisema.

Shemeji akaanza kwenda kwake. Akamzuia kwa kiganja, hata hakumtazama. Akanigeukia mimi.

"Nakuuliza wewe, mwanangu."

Bado aliniita mwanangu. Mbele ya watu wote. Mtu mwingine angepiga magoti pale. Mimi nikafungua mdomo, na haya ndiyo yaliyotoka: "Mama, bado hatuna uhakika. Huenda nyota yenyewe ina nguvu kiasi cha kupenya kifuniko."

Alichukua mkoba wake wa dhahabu akainuka. Shemeji akampa mkono, wakatoka wote wawili. Mke wangu akawafuata, kisha akarudi hatua chache, akaniambia koti linachafua sakafu, akaondoka.

Kiti cha mbele kikabaki kitupu, kimeelekea ukutani, na ile doti inawaka juu yake. Hakuna aliyeigusa projekta. Mwishowe nilikwenda nikaizima mwenyewe.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Usingizi sikupata. Kila nilipogeuka kitandani nilikuwa nafikiri: mbona doti imeharibika upande wa juu kulia tu? Mbona hasa pale? Nani alikuwa na nafasi ya kushika kamera yangu mwezi wa kwanza? Siku ya mwaka mpya shemeji alikuja kula kwetu.

Asubuhi nikamweleza mke wangu fikra hiyo. Alikuwa anakunja nguo. Akaendelea kukunja, na kati ya shati na shati akanieleza yafuatayo.

Kaka yake alijua tangu picha ya pili niliyowaonyesha. Aliona ile nyota haisogei. Akanyamaza. Akanyamaza kwa sababu hajawahi kumwona mama yao akifurahi vile tangu baba yao afariki, na, mke wangu akasema, hata mimi nilikuwa nimefurahi, nilikuwa naimba bafuni. Darubini ilipokuja akaogopa. Kamera yangu ikifungwa pale, doti itatokea kwenye picha ya mwezi, itatundikwa maktaba, na mji mzima utaiona. Ndiyo maana akapendekeza vipimo vya kifuniko. Alitarajia nitajaribu kwanza nyumbani, kama mtu yeyote mwenye akili, niione peke yangu, niirekebishe kimya kimya. Alipoona sijaribu, akataka kuniambia pale zahanati ikashindikana, akaja nyumbani ikashindikana, akataja fundi ikashindikana.

Nikamwuliza kwa nini yeye mke wangu hakuniambia. Akasema alianza kuniambia Jumatano, nikamwuliza saa ngapi.

Alikunja shati la mwisho, akaliweka juu ya mengine, akalipapasa.

Mchana simu ikalia. Mama mkwe. Nikaitazama mpaka ikakaribia kukatika. Nikapokea nimesimama.

Hakugomba. Aliuliza kama ile picha ya jana ninayo. Nikauliza picha ipi, mama. Akasema ile ya kifuniko. Anataka niichape kubwa, niitie fremu, atundike sebuleni.

"Wamenifunika, na bado nawaka," alisema. "Unafikiri ni wangapi wa umri wangu wanaweza kusema hivyo?"

Akaongeza kwamba mtaani hajabadilisha maelezo yoyote, na mimi nisimbadilishie. Akasema nimlete binti yake Jumapili ijayo, kiti chenye mto kipo.

Nilikwenda studio siku ya mapumziko, nikaichapa picha kwenye karatasi bora niliyonayo, ile ya maharusi. Nikaipima kona zote. Hata mke wangu alipoiona alisema imependeza.

Jioni ujumbe kutoka kwa shemeji. Ananiomba niwe naye siku ya kupatwa kwa mwezi. Anasema yeye kamera anaijua juujuu tu, kulenga na kupata picha kali hawezi, mikono yangu ina uzoefu. Anasema ameshaongea na Bi Kipimo: chini ya picha yaandikwe majina mawili, langu na lake. Langu litangulie.

Niliusoma ujumbe ule mara nyingi. Mke wangu aliniona, akatabasamu. Akasema sasa nimemwelewa kaka yake.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Ndiyo. Nimemwelewa.

Hebu tulifikirie jambo hili kwa utulivu. Mtu anakaa na siri miezi miwili. Anakula mezani kwangu, ananitabasamia, ananipa hongera ya nyota, na muda wote huo anajua! Jasho halimtoki. Sauti haitetemeki. Mtu mwenye uwezo wa namna hiyo atakuwa na siri moja tu? Haiwezekani. Mtu kama huyo anazo nyingine, na hizo ndizo kubwa, kwa sababu hii ndogo ameikubali mapema.

Tena, majina mawili. Kwa nini langu litangulie? Picha ikiharibika, msomaji anaanza kusoma na nani? Na mimi!

Tena, hizo chenga laini kama unga. Kamera imenunuliwa juzi, mwenyewe hajui hata kulenga, inashindaje zote? Picha zake zote anazihifadhi kwenye ile kompyuta iliyo pembeni ya kiti cha wagonjwa. Mke wangu aliniambia bila kujua alichokuwa anasema.

Kwa hiyo nimechukua hatua. Leo asubuhi nimempigia simu nikamwambia jino langu la nyuma, la kushoto, linanitesa. Jino lenyewe halina hata dalili. Amesikitika sana, akanipangia kesho, wa kwanza kabisa, kabla ya wagonjwa wengine. Akigeuka kuchukua vifaa, mimi nageukia kompyuta. Mpango mwepesi, hauna pa kuharibikia. Nikiulizwa jino gani, naonyesha lolote.

Amesema ataniondolea maumivu yote, nisiwe na hofu, na kwamba nile vizuri kabla ya kuja, kwa sababu baadaye sitaweza kutafuna.

Anataka nile. Kwa nini anataka nile?

Sili.